Kaburi la Kabara na vitabu vya watu wawili

Kati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi, juu zaidi ya mita 3,000, kuna kiwanja kidogo cha majani kinachoitwa Kabara. Wakaaji wa Kibumba na Rugari wanaijua Kabara kwa jina, ingawa wengi hawajaifikia, maana iko ndani ya mbuga ya Virunga na mtu hapandi huko bila ruhusa. Kuna baridi, ukungu unashuka hata mchana, na miti mizee imeota ndevu za kijani. Mwezi wa Novemba 1926 watu walichimba kaburi mahali hapo, wakivunja mawe ya volkano, wakamlaza Mmarekani mmoja aliyepanda mlima akiwa tayari mgonjwa. Jina lake Carl Akeley.

Wanaomkumbuka wanamtaja kwa mambo mawili: alisaidia kuzaliwa kwa mbuga, na aliua ngagi kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Yote mawili ni kweli. Lakini huyu mtu alikuwa pia mpiga picha wa porini, tena alitengeneza kamera yake mwenyewe kwa sababu za wengine zilimshinda. Na alipokufa aliacha picha na maandishi ambayo hayakuwa kitabu bado. Aliyeyafanya kitabu ni mke wake. Namna alivyofanya kazi hiyo, nani aliingia ndani ya kitabu na nani aliachwa nje, ni habari inayowahusu watu wa chini ya Mikeno hadi leo.

Akeley alizaliwa mwaka 1864 kwenye shamba, katika jimbo la New York. Shule hakusoma sana. Kazi aliyojifunza akiwa kijana ni ya kuchukua ngozi ya mnyama aliyekufa na kuirudishia umbo lake, hata mtu aone kama mnyama anapumua. Alishiriki kumtengeneza Jumbo, yule tembo wa sarakasi aliyegongwa na treni mwaka 1885. Baadaye aliingia kwenye majumba makubwa ya makumbusho, kwanza Milwaukee, kisha Chicago, kisha New York. Alikuwa fundi wa vitu vingi: mashine ya kurusha simenti kwa nguvu ya hewa, ambayo mafundi wa barabara na migodi wanaitumia mpaka sasa, ilitoka kichwani mwake.

Mwaka 1896, huko Somalia, chui alimrukia, naye akamwua kwa mikono mitupu. Mwaka 1905 alifika Kenya na mke wake wa kwanza, Delia. Katika safari hiyo alijiunga nao mtoto wa Kikuyu wa miaka kama 13, Wimbia Gikungu. Akeley alimwita Bill, kwa kuwa hilo lilikuwa rahisi mdomoni mwake. Gikungu akawa mbeba bunduki na mtu wa kutegemewa porini. Katika kitabu chake cha mwaka 1923, In Brightest Africa, Akeley alimpa Gikungu sura nzima, na jina lake la kweli limo. Ni heshima ambayo wasafiri wengi wa wakati ule hawakuitoa. Hata hivyo sura yenyewe inaitwa kwa lile jina la kupewa.

Kamera ilizaliwa kwa hasira. Karibu mwaka 1910 Akeley alitaka kupiga filamu ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Jambo lenyewe lilitokea haraka sana. Kamera za wakati ule zilikuwa sanduku zito juu ya miguu mitatu: kuigeuza kulia au kushoto ulizungusha mpini mmoja, kuiinua au kuishusha ulizungusha mwingine, na huku mkono ule ule unatakiwa kuzungusha filamu. Simba hangoji mambo hayo. Akeley alirudi kwao na kuanza kazi, na kufika mwaka 1915 alikuwa amepewa hataza ya kamera mpya. Ilikuwa ya mviringo kama chungu kilicholazwa ubavu. Mpini mmoja tu ulitosha kuielekeza popote, juu, chini na pembeni, tena bila kutikisika. Ilikuwa na lenzi mbili zinazofanana, moja ya kupiga na moja ya kutazamia, hivyo mpigaji aliona mnyama wakati wote alipokuwa anapiga. Jeshi la Marekani liliitumia katika vita ya kwanza ya dunia, na watengeneza filamu za habari waliipenda kwa miaka mingi.

Kamera hiyo ndiyo aliyokuja nayo Kivu mwaka 1921. Alisafiri na familia ya Bradley: Herbert, mke wake Mary Hastings Bradley aliyekuwa mwandishi, na binti yao Alice wa miaka sita. Walipitia Afrika ya Kusini, Katanga na Ziwa Tanganyika, kisha Kivu. Akeley alifikia kwa Mapadri Weupe wa misioni ya Lulenga, na kutoka hapo akapanda Mikeno pamoja na waongozaji na wapagazi wa vijiji vya chini.

Wakati ule Wazungu walikuwa wamemfahamu ngagi wa milima kwa miaka 19 tu. Mjerumani Robert von Beringe aliwapiga risasi wawili kwenye mlima Sabinyo mwaka 1902, na tangu hapo kila mwenye bunduki alitaka wake. Akeley naye hakuja kwa mikono mitupu. Alikuwa na ruhusa ya kuua, na kundi lake liliondoka na ngagi watano. Yeye mwenyewe aliandika kwamba ilibidi ajikumbushe sana kazi ya elimu ili asijione muuaji. Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yake. Siku moja kwenye mteremko wa Mikeno aliweka kamera badala ya bunduki na kupiga filamu ya ngagi wakiwa hai, huru, katika majani yao. Kabla yake hakuna aliyekuwa amepiga filamu ya ngagi wa milima wakiwa porini.

Ni vizuri kutomsafisha kupita kiasi. Mtu aliyewatetea ngagi ndiye yule yule aliyewachuna ngozi. Lakini aliporudi Marekani alianza kuandika barua kwa wakubwa, kwa wataalamu na kwa wanadiplomasia wa Ubelgiji, akiomba milima ile ifungwe kwa wawindaji. Mfalme Albert alikuwa amekwisha kuona mbuga za Marekani alipotembelea huko mwaka 1919. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ilitoka: Parc National Albert, kwenye milima ya Mikeno, Karisimbi na Visoke. Ndiyo mbuga inayoitwa Virunga leo.

Miezi sita kabla ya amri hiyo, mwezi wa Oktoba 1924, Akeley alikuwa ameoa kwa mara ya pili. Mary Jobe hakuwa mama wa kukaa nyumbani kungoja barua. Alikuwa amepanda na kupima milima ya Kanada, mlima mmoja huko una jina lake, na kamera aliijua. Mwaka 1926 wakaja pamoja. Kwanza walifanya kazi Kenya na Tanganyika, ambako Akeley aliugua na kulazwa. Kisha wakaelekea Kivu wakiwa na wachoraji, fundi wa ngozi, na mtaalamu wa Ubelgiji, Jean-Marie Derscheid, aliyetumwa kuchunguza eneo la mbuga mpya na kuchora ramani. (Derscheid baadaye aliingia katika upinzani dhidi ya Wajerumani, nao wakamkata kichwa mwaka 1944.)

Kupanda Mikeno kulimmaliza Akeley. Walipiga kambi Rweru, hakuweza kuendelea kwa miguu, akabebwa hadi Kabara. Alitaka kufika pale kwa sababu alipapenda tangu mwaka 1921, na mara nyingi alikuwa amesema hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Tarehe 17 Novemba 1926 akafariki, kwa homa na kuhara damu, hemani, katika baridi ile. Alikuwa na miaka 62.

Mtu angefikiri mjane atateremka mara moja. Mary Akeley alibaki mlimani majuma kadhaa. Mchoraji William Leigh aliendelea kuchora mandhari, mimea ilikusanywa na kukaushwa, na Mary alisimamia kazi na kupiga picha ambazo mume wake hakuwahi kuzipiga. Kila jani lililochukuliwa pale lilikuwa na kazi yake: huko New York mafundi walipaswa kutengeneza kipande cha Mikeno kwa nta na rangi.

Aliporudi, alikuwa na masanduku ya picha, filamu, daftari na barua. Akeley hakuwa mtu wa kalamu. Alikuwa msimuliaji, na hata kile kitabu cha 1923 kilitokana na masimulizi yaliyonakiliwa na wengine, akiwemo msaidizi wake Dorothy Greene. Sasa msimuliaji hayupo. Mary akaketi mezani na sauti iliyobaki kwenye karatasi, akaongeza yale aliyoyaona kwa macho yake, na mwaka 1929 akatoa Carl Akeley's Africa, habari ya safari ya mwisho. Mwaka 1930 kikatoka Adventures in the African Jungle, na mwaka 1932 Lions, Gorillas and Their Neighbors. Juu ya hivyo viwili yako majina mawili, la Carl na la Mary, ingawa mmoja wa waandishi alikuwa amelala Kabara kwa miaka.

Hiyo ni aina ya ushirikiano isiyo na mabishano, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Watu wawili walio hai wakiandika pamoja, mmoja atasema: hapana, siku ile haikuwa hivyo. Marehemu hasemi. Anayeshika kalamu ndiye anayechagua picha ipi iingie na jina gani liandikwe chini yake.

Delia anatosha kuwa mfano. Mwaka 1910, kwenye Mlima Kenya, tembo alimkanyaga Akeley na kumponda uso na mbavu, akaachwa kama maiti. Delia ndiye aliyeondoka kambini na kundi la watu, akapita msituni, akamfikia na kumwuguza. Waliachana mwaka 1923. Katika vitabu vya mke wa pili, mke wa kwanza karibu haonekani kabisa. Delia hakuketi kimya. Alikuwa tayari amevuka Afrika peke yake bila mume, mwaka 1924 hadi 1925, kutoka Kenya hadi Atlantiki, akikaa na Wambuti katika msitu wa Ituri. Mwaka 1930 akatoa kitabu chake, Jungle Portraits, na habari ya tembo akaieleza yeye mwenyewe. Alikuwa anajua kusoma na kuandika, alikuwa na mchapishaji. Aliyefutwa alipata nafasi ya kujiandika upya.

Wale waliombeba Akeley kutoka Rweru hadi Kabara hawakuipata. Walikuwa watu wa vijiji vya chini ya Mikeno, na Watwa wa msituni waliojua kufuata njia ya ngagi kwa kutazama jani lililovunjika. Bila wao hakuna filamu ya 1921. Bila wao hakuna kaburi, kwa maana ardhi ya Kabara ni mwamba chini ya udongo mwembamba. Katika vitabu vya safari za wakati ule wanaonekana kwenye picha, mizigo kichwani, na chini ya picha imeandikwa kwamba hawa ni wapagazi, au waongozaji. Wajukuu wao wanaweza kuutazama uso wa babu bila kujua kwamba ni wao anaowatazama.

Na baada ya picha ikafuata ardhi. Mbuga ya 1925 ilikuwa ndogo, milima mitatu. Mwaka 1929 ikapanuliwa sana, na katika miaka iliyofuata watu walihamishwa, mashamba, malisho na njia za kuwindia zikabaki upande wa pili wa mpaka. Watwa wakawa wageni katika msitu wao. Madai ya fidia yalianza zamani za Wabelgiji na hayajaisha vinywani mwa wazee. Katika vitabu vya Mary Akeley mlima ni bustani ya amani iliyookolewa, na moja cha mwaka 1950 kinaitwa hivyo kabisa, Congo Eden. Hakuandika uongo kuhusu ngagi: bila kufungwa kwa mlima ule pengine wasingekuwepo leo. Lakini bustani ya Edeni ni mahali ambapo watu walifukuzwa, na sehemu hiyo ya hadithi ilihitaji mwandishi mwingine.

Familia za Kibumba, Rugari na Buhumba zinaijua sehemu hiyo kuliko zinavyotaka. Mwaka 2022, vita ilipowateremsha hadi Kanyaruchinya na kwingine kandokando ya Goma, Mikeno ikawa mlima wa kuangaliwa kwa mbali, asubuhi kabla ya mawingu. Mtu akikimbia anabeba godoro, sufuria, mtoto. Picha ya harusi inabaki ukutani. Picha ya baba aliyefariki, iliyopigwa na mpiga picha wa soko miaka ya themanini, inabaki katika sanduku pamoja na hati ya shamba, na zote mbili zinaliwa na mvua au moto. Anayesalia na kumbukumbu ni mama mzee anayejua nani alisimama kando ya nani siku ile. Kazi ya Mary Akeley, ukiiondolea safari na meli na wachapishaji, ni kazi hiyo: kuketi na kilichobaki, kuuliza, kuandika jina nyuma ya picha. Penseli inatosha. Na hapa kuna nafasi nzuri kuliko aliyokuwa nayo yeye, kwa kuwa mama mzee yupo hai na anaweza kusema: hapana, siku ile haikuwa hivyo.

Kabara yenyewe iliendelea kupokea watu wa picha na vitabu. Mwaka 1959 mtaalamu George Schaller alikaa pale na mke wake Kay, akawachunguza ngagi bila bunduki, na akatoa vitabu viwili. Januari 1967 Dian Fossey alianza kazi yake papo hapo, akisaidiwa kupiga kambi na mpiga filamu wa Kenya, Alan Root. Mwezi wa Julai mwaka huo machafuko ya Kongo yalimwondoa, akahamia upande wa Rwanda, na huko mpiga picha mwingine kutoka Kenya, Bob Campbell, ndiye aliyempa sura duniani: picha zake za mwanamke na ngagi waliozoeana zilitoka katika jarida la National Geographic. Fossey aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1983. Campbell alingoja hadi mwaka 2000 kutoa cha kwake mwenyewe, na ndani yake alieleza jinsi alivyoona miaka ile yeye. Watu wawili, kambi moja, vitabu viwili visivyofanana. Wote wawili sasa ni marehemu, lakini kila mmoja alisema la kwake.

Kaburi la Akeley halikukaa salama. Lilifukuliwa na majangili, kisha likajengwa upya na watu waliomheshimu. Mary alifariki mwaka 1966 bila kurudi kuishi mlimani.

Ngagi wa mwaka 1921 bado wako New York, nyuma ya kioo, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936 na kupewa jina la Akeley. Dume mkubwa amesimama akijipiga kifua. Majani ya nta yaliyo miguuni pake yalinakiliwa kutoka mimea ya Mikeno, na ukuta wa nyuma umechorwa mandhari anayoijua kila mtu wa Kibumba: bonde, na ng'ambo yake Nyiragongo na Nyamulagira. Watoto wa shule wa New York wanapita mbele yake wakiwa wamepanga mstari. Katika picha yote, kuanzia mguuni pa mlima mpaka kwenye volkano, hakuna nyumba hata moja iliyochorwa.